Silaha na Vifaa vya Kuokoa Maisha vya Rubani wa Kijeshi: Mwongozo Kamili wa Kuvichagua, Kuvipanga na Kuvitumia

Rubani wa ndege ya kivita anapovuta mpini wa kiti kinachofyatuka, kila alichokuwa amekiweka pembeni yake hubaki ndani ya ndege: chupa ya maji, begi, simu, hata koti. Dakika chache baadaye atakuwa ardhini na vitu vya aina mbili tu, yaani vilivyofungwa mwilini mwake na vilivyofungwa kwenye kiti, na hivi vya kiti navyo vitamfikia ikiwa kamba yake haikukatika na mkoba haukunasa juu ya mti. Mwongozo huu umejengwa juu ya tofauti hiyo. Unafuata zaidi utaratibu wa Jeshi la Anga la Marekani, kwa kuwa jeshi hilo limeandika mengi kuhusu marubani wake waliodunguliwa kuanzia Vietnam hadi Bosnia, na pale inapofaa unalinganisha na Urusi na Uingereza.

Msomaji wa Afrika Mashariki ambaye hatarushi kamwe ndege ya kivita, kwa mfano rubani wa doria za wanyamapori au anayepeleka dawa katika viwanja vya udongo, anaweza kuufuata karibu wote akiiacha sehemu ya silaha. Agosti 2012, helikopta tatu za Mi-24 za Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia zilianguka katika Mlima Kenya. Wapo waliokufa na wapo waliookolewa wakiwa hai, na adui aliyewakabili hao waliobaki hai alikuwa baridi ya mlima uliopo palepale kwenye ikweta. Nalitaja tukio hilo mapema kwa sababu wengi wanaoulizia vifaa vya rubani huanza na bastola, ilhali katika mpangilio sahihi bastola huja baada ya kisu, kifaa cha kuzuia damu, redio, kioo na maji.

Hatua ya kwanza: gawa vifaa katika matabaka matatu

Tabaka la kwanza ni mifuko ya ovaroli yenyewe. Humo huwekwa vitu vidogo ambavyo rubani atabaki navyo hata akivua fulana, akiipoteza au akinyang'anywa: dira ndogo, filimbi, kitu cha kuwashia moto, dawa zake binafsi na kioo kidogo cha ishara. Tabaka la pili ni fulana ya kuokoa maisha, ambayo huvaliwa juu ya ovaroli na chini au juu ya mikanda ya mwavuli kulingana na aina ya ndege, nayo hubeba redio, fataki, huduma ya kwanza na silaha. Tabaka la tatu ni mkoba wa kiti. Katika kiti cha ACES II, kinachotumika katika ndege za F-16, F-15 na A-10, mkoba huu huachia wenyewe mwavuli ukishafunguka, ukaning'inia kwa kamba chini ya rubani, na mtumbwi wa mpira uliomo hujaa hewa kabla rubani hajagusa chini.

Kanuni ya kugawa ni moja: kitu chochote kitakachohitajika katika saa ya kwanza kisiwekwe katika tabaka la tatu. Mtumbwi, maji ya akiba, blanketi na chandarua vinaweza kukaa humo. Redio haiwezi. Ukikuta orodha ya vifaa ambayo imeweka redio pekee kwenye mkoba wa kiti, orodha hiyo imeandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria nafasi badala ya kumfikiria rubani.

Jambo la pili katika hatua hii ni uzito. Kiti kinapofyatuka, mwili husukumwa kwa nguvu inayokaribia mara 12 ya uzito wake, kwa hiyo kilo tatu za vitu vya ziada kifuani huvuta mabega na uti wa mgongo kana kwamba ni zaidi ya kilo thelathini. Kitu kigumu kilichokaa vibaya, kama magazini iliyosimama wima chini ya kidevu, kinaweza kuvunja mfupa kabla adui hajahusika kwa lolote. Kwa wafanyakazi wa helikopta hatari ni nyingine: hao hawana kiti cha kufyatuka, ila huenda wakalazimika kupenya dirishani helikopta ikiwa imepinduka majini, na mfuko ulionona kupita kiasi utawanasa hapo. Ndiyo maana wengi wao hufunga kifuani chupa ndogo ya hewa iliyoshindiliwa, inayotosha pumzi za muda mfupi tu, na chupa hiyo ndiyo inayopewa mahali pazuri kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya pili: weka kisu cha kukatia kamba mahali ambapo mikono yote miwili inafika

Hatari ya kwanza baada ya mwavuli kufunguka ni mwavuli wenyewe. Rubani anaweza kuning'inia mtini, kuburutwa na upepo au kuzongwa na kamba ndani ya maji, na akiwa katika hali hizo huenda mkono mmoja umevunjika. Kisu cha kazi hii ni kile chenye ncha ya ndoana, ambayo makali yake yapo upande wa ndani ili kikate kamba au mkanda bila kuchoma mwili wala mtumbwi wa mpira. Jeshi la Marekani kwa miaka mingi lilitumia kisu cha kukunja kiitwacho MC-1, chenye mpini wa rangi ya chungwa, kikiwa na ubapa wa kawaida unaoruka kwa kitufe upande mmoja na ndoana upande wa pili. Utaratibu wake ulikuwa kwamba ndoana hukaa imefunguliwa muda wote ndani ya mfuko wake, ili aliyevunjika mkono asihitaji kukunjua chochote.

Kisu kikubwa ni kitu tofauti. Kile cha marubani wa Marekani kina ubapa wa inchi tano na meno ya msumeno mgongoni, na watu wengi hukilaumu kwamba msumeno wake haukati mti vizuri. Lawama hiyo haina msingi, kwa sababu meno hayo yalitengenezwa kwa ajili ya kutoboa na kupasua bati jembamba la mwili wa ndege, ili aliyenaswa ndani aweze kutoka. Kama unahitaji cha kukata kuni, beba msumeno wa waya au panga fupi katika mkoba wa kiti.

Hatua ya tatu: huduma ya kwanza iwe ya damu kabla ya kuwa ya kitu kingine

Kisanduku cha plasta na vidonge vya kichwa si huduma ya kwanza ya rubani. Kinachotakiwa kwenye fulana ni mkanda wa kuzuia damu wenye kijiti cha kukazia, bandeji ya kugandamiza, shashi na glavu. Mkanda ukae nje au katika mfuko unaofunguka kwa mvuto mmoja, ukiwa tayari umekunjwa kwa namna ambayo mtu anaweza kuuvalisha mguuni kwa mkono mmoja. Huvalishwa kati ya jeraha na moyo, takriban sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha na kamwe si juu ya kiungo, hukazwa hadi damu isimame, kisha saa ya kuukaza huandikwa. Maumivu yake ni makali, na mtu asiyewahi kuukaza mazoezini hudhani amekosea, akaulegeza. Dawa za kuharisha, za malaria na za maumivu zina nafasi yake, lakini ziingie katika mfuko wa ovaroli.

Hatua ya nne: redio, kifaa ambacho vingine vyote vinakisaidia

Katika vita vya Vietnam marubani wa Marekani walibeba redio ndogo, na iliyojulikana zaidi kati ya hizo ni PRC-90, ambayo ilikuwa na masafa mawili ya sauti, megahezi 243.0 na 282.8. Udhaifu wake ni kwamba yeyote mwenye redio ya masafa hayo aliweza kusikiliza, na waviziaji walizitumia redio zilizotekwa kuwaita waokoaji mtegoni. Iliyofuata, PRC-112, iliweza kuulizwa na helikopta ya uokoaji ikajibu kwa alama yake bila rubani kusema neno. Inayotumika baada ya hapo, iitwayo CSEL, hutuma ujumbe mfupi wa maandishi uliofungwa kwa siri kupitia setilaiti pamoja na mahali alipo rubani kwa GPS.

Kisa cha Scott O'Grady kinaonyesha redio inavyofanya kazi na inavyotesa. Tarehe 2 Juni 1995 ndege yake ya F-16 ilidunguliwa kwa kombora la SA-6 juu ya Bosnia. Alijificha siku sita, askari wakipita karibu naye, akinywa maji ya mvua na kula majani na sisimizi. Muda wote huo alikuwa na redio, ila kila kubonyeza kitufe kulikuwa kujitangaza, kwa hiyo alizungumza kwa ufupi na kunyamaza kwa muda mrefu. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni rubani mwenzake aliyekuwa angani alimsikia, na kabla ya kuamini alimwuliza jina la kikosi alichokuwa nacho Korea. O'Grady alijibu sawasawa, na alfajiri wanamaji wa Marekani kutoka meli ya USS Kearsarge walimchukua kwa helikopta. Bastola yake hakuifyatua.

Kutokana na visa vya aina hiyo, utaratibu wa redio ni huu. Kwanza, kabla ya kuruka, iwashe, ijaribu, tazama tarehe ya mwisho ya betri na weka betri ya pili katika mfuko mwingine, imefungwa kwenye nailoni. Pili, ifunge redio kwenye fulana kwa kamba yenye urefu unaoruhusu kuifikisha sikioni, kwani redio iliyoanguka mtoni ni sawa na ambayo haikutolewa ghalani. Tatu, zima kifaa cha kutangaza dharura kinachojiwasha chenyewe ikiwa upo katika eneo la adui na amri yako ya kazi inataka hivyo. Nne, ukishatua, ondoka kwanza mahali mwavuli ulipoangukia, tafuta mwinuko wenye kificho, kisha zungumza kwa sekunde chache, sikiliza, halafu zima. Tano, usitangaze mahali ulipo kwa maneno ya wazi mpaka uliyemsikia amekuthibitisha nawe umemthibitisha.

Rubani wa kiraia mambo yake ni mepesi zaidi, maana yeye anataka kusikika na kila mtu. Anunue kifaa binafsi cha dharura cha megahezi 406 na akisajili kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake. Asitegemee kifaa cha zamani cha megahezi 121.5 peke yake, kwa sababu setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009, na leo masafa hayo hutumika kumwongoza mwokoaji ambaye tayari yupo karibu. Kifaa cha 406 kinatakiwa kitangaze kwa saa 24 zisizopungua, kwa hiyo kiwashwe mara moja na kiachwe. Kukiwasha na kukizima ili kuokoa betri ni kosa, kwa kuwa setilaiti huhitaji muda kukipata.

Hatua ya tano: ishara za macho

Redio humleta mwokoaji hadi jirani, lakini kutoka angani mtu aliyesimama porini ni nukta, na hapo ndipo kioo kinapofanya kazi ambayo hakuna betri iliyowahi kuifanya. Kioo cha ishara kina ukubwa wa kiganja na tundu katikati. Kishike karibu na jicho, tazama kupitia tundu, nyoosha mkono wa pili na uutandaze vidole viwili mpaka mwanga uliorudishwa uonekane juu yao, kisha iweke ndege katikati ya vidole hivyo na utikise kioo kidogo kidogo. Jua likiwa kali, mmweko huonekana kilomita nyingi kuliko moshi wowote. Ubaya wake ni kwamba humwonyesha pia asiyetakiwa, kwa hiyo rubani wa kijeshi hukifunika kwa kiganja hadi dakika ya kukitumia.

Fataki ya kawaida katika fulana ya Marekani ni MK-124, yenye ncha mbili: moja hutoa moshi wa rangi ya chungwa wa mchana, nyingine mwali mwekundu wa usiku, na kila upande huwaka kwa sekunde kama 20 tu. Ncha ya usiku ina vinundu vilivyoinuka ambavyo kidole huvitambua gizani. Mfundishe kila mtu avitafute vinundu hivyo akiwa amefumba macho. Fataki hushikwa juu ya kichwa, mkono umenyooka na kuinamishwa kuelekea upepo unakokwenda, ili majivu ya moto yasidondokee mikononi wala kwenye mtumbwi. Upande mmoja ukishatumika, chovya majini au zika mchangani upoe, kisha rudisha mfukoni, kwani upande wa pili bado mzima. Sekunde 20 ni chache mno, hivyo usiwashe unaposikia mngurumo wa helikopta kwa mbali. Subiri uione ikikuelekea au waliomo wakuombe kwa redio.

Taa ya kumetameta huja na vifuniko viwili. Kimoja hupitisha mwanga usioonekana kwa macho matupu ila kwa miwani ya usiku, na kingine ni cha buluu, ambacho kazi yake ni kuwatofautishia waokoaji mmweko wa taa na ule wa mtutu wa bunduki. Helikopta ya uokoaji iliyozoea kurushiwa risasi inaweza kuujibu mmweko mweupe kwa risasi.

Hatua ya sita: joto, kivuli na maji

Pakiti za maji za mililita 125 ni laini, hukaa vizuri mifukoni, lakini nane kati yake ndizo zinazofikisha lita moja, na katika jua la Turkana au la Oman lita moja haimalizi hata asubuhi. Kwa hiyo mpango wa maji una sehemu tatu: maji machache ya kunywa mara moja, mfuko mtupu wa kukunja wa lita moja au zaidi, na vidonge vya kusafishia. Vidonge vingi huhitaji nusu saa au zaidi kabla ya kunywa, na maji ya baridi au yenye tope huhitaji muda mrefu zaidi. Soma maelekezo ya pakiti uliyo nayo. Sponji ndogo ni kitu cha kudharauliwa mpaka siku unapofyonza umande kwenye majani. Wakati wa jua kali, punguza jasho badala ya kupunguza maji, yaani kaa kivulini mchana na utembee usiku. Hapo kitambaa cha mwavuli ni mali: hutoa kivuli, hufunga jeraha, hukinga baridi, na kamba zake za ndani hushona na kuvua samaki.

Upande wa baridi, blanketi jembamba la foili na kofia ya sufu hubeba uzito usiofika nusu kilo. Mtu wa pwani anayeruka kutoka Mombasa kwenda Nanyuki huwa hakumbuki kwamba njia yake inapita karibu na barafu. Vaa nguo za mahali utakapoangukia, wala si za mahali unapoondokea.

Hatua ya saba: silaha

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, silaha ya rubani ilihesabiwa zaidi kuwa chombo cha kutafutia kitoweo. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na M6, bunduki ya kukunja yenye mitutu miwili, wa juu wa risasi ndogo za .22 Hornet na wa chini wa marisau ya .410. Badala ya kifyatulio cha kawaida ilikuwa na mhimili mrefu wa kukandamiza, ili aliyevaa glavu nene katika baridi ya Aktiki aweze kupiga, na kitako chake kilikuwa ghala dogo la risasi. Risasi za .22 Hornet zilizotolewa mwanzoni zilikuwa na ncha laini inayopanuka, na maboksi yake yaliandikwa onyo kwamba zisitumike dhidi ya adui kwa namna yoyote, kwa kuwa zimetengenezwa kwa ajili ya wanyama. Onyo hilo lilitokana na Azimio la The Hague la 1899, linalokataza vitani risasi za kupanuka.

Warusi waliifikia fikra hiyohiyo kwa njia yao. Machi 1965 chombo cha anga za juu cha Voskhod 2 kilitua kombo katika misitu ya Ural, na wanaanga wake Aleksei Leonov na Pavel Belyaev wakalala usiku mbili katika theluji wakiwazia mbwamwitu na dubu. Baadaye wanaanga wa Kisovieti walipewa TP-82, bastola ya mitutu mitatu, miwili ya marisau na mmoja wa risasi, ambayo kitako chake kiliweza kuchomolewa kikatumika kama panga.

Vita vya miji na vya msituni ndivyo vilivyobadilisha mwelekeo. Tarehe 3 Oktoba 1993 huko Mogadishu, Michael Durant, rubani wa helikopta ya Kimarekani ya Black Hawk iliyodunguliwa, alijikuta amevunjika mguu na mgongo, hawezi kuondoka kitini, akiwa na bunduki fupi ya MP5K. Askari wawili waliojitolea kushuka kumlinda, Gary Gordon na Randall Shughart, waliuawa, naye akakaa mateka siku 11. Tarehe 3 Februari 2018 huko Idlib, rubani wa Su-25 wa Urusi, Roman Filipov, alipambana kwa bastola ya Stechkin baada ya kutua na mwavuli, kisha akajilipua kwa guruneti. Katika miaka hiyo Jeshi la Anga la Marekani lilianza kuweka ndani ya mkoba wa kiti cha ACES II bunduki iitwayo GAU-5A, ambayo ni bunduki ya kijeshi ya M4 iliyofanywa iweze kutenganishwa mtutu na mwili. Huunganishwa bila zana katika muda usiozidi dakika moja, huambatana na magazini nne za risasi 30 kila moja, na inakusudiwa kufaa hadi mita 200 hivi. Kwenye fulana hubaki bastola ya milimita 9: zamani M9 ya Beretta, sasa M18.

Katika kupanga, bastola ikae kwenye ala iliyoshonwa au kufungwa imara katika fulana, kifuani upande wa mkono usiotumika, mpini ukielekea mkono unaotumika, lakini jaribu kama mkono wa pili pia unaifikia. Ifunge kwa kamba ya usalama. Ala iwe na kifungo kinachostahimili upepo wa kufyatuka, ambao huchomoa chochote kilicholegea. Magazini za ziada ziwe mbili, zilale bapa. Suala la risasi kukaa chemba au la huamuliwa na amri ya jeshi husika, na hilo halina mjadala wa mtu binafsi. Upokeaji na urudishaji wa silaha ufanyike mbele ya ndoo ya mchanga au pipa maalumu: magazini itolewe, chemba ifunguliwe na ikaguliwe kwa jicho na kidole, ndipo silaha ipite kutoka mkono hadi mkono. Rubani wa kiraia asibebe silaha kwa kuiga haya. Kenya na Tanzania zina sheria kali za umiliki wa silaha, na kuvuka nchi na bastola mfukoni kutamletea matatizo makubwa kuliko fisi.

Kuhusu matumizi, kuna jambo la kisheria ambalo rubani anapaswa kulijua kabla ya kuichomoa. Kifungu cha 42 cha Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, kinakataza kumshambulia mtu anayeshuka kwa mwavuli kutoka katika ndege iliyopata maafa, na kinataka akifika chini apewe nafasi ya kujisalimisha, isipokuwa ikionekana wazi kwamba anafanya tendo la uadui. Ulinzi huo hauwahusu askari wa miavuli. Maana yake kwa vitendo ni kwamba anayeanza kufyatua risasi akiwa peke yake dhidi ya kundi ameiondoa kinga aliyokuwa nayo, na kwa bastola ya risasi 17 hapati kitu kinacholingana na hasara hiyo. Silaha inafaa pale ambapo mtu mmoja au wawili wanazuia njia ya kufika kwa helikopta ambayo tayari inakuja. Nje ya hapo, kimya na kichaka vinalinda zaidi.

Hatua ya nane: karatasi na vitambaa

Kabla ya operesheni rubani wa Marekani hujaza fomu ya siri yenye maelezo ambayo yeye peke yake anayajua, pamoja na namba ya tarakimu nne, na hayo ndiyo huulizwa redioni. Achague mambo ambayo hatayasahau akiwa na njaa na hofu, na ambayo hayapo kwenye mitandao ya kijamii. Hubeba pia kitambaa chenye bendera na ujumbe katika lugha za eneo husika, kikiahidi malipo kwa atakayemsaidia. Kitambaa kina namba pembeni, na msaidizi hupewa kipande chenye namba, si kitambaa kizima. Waingereza katika Vita vya Ghuba vya 1991 waliwaongezea marubani wao sarafu za dhahabu. Barua, picha za familia na kadi za benki zibaki kambini, kwani mhojaji huzitumia.

Hatua ya tisa: funga, kagua, fanya mazoezi

Kila kifaa kifungwe kwa kamba yake, na kamba zisiwe ndefu kiasi cha kusokotana. Andika ramani ya fulana, mfuko kwa mfuko, na wote katika kikosi wawe na mpangilio mmoja, ili mwenzako aliyezimia uweze kumtolea redio yake bila kumpekua. Zoezi la kupima ni rahisi: vaa glavu, fumba macho, fungia mkono mmoja mgongoni, kisha mtu akutajie kifaa nawe ukitoe. Rudia kwa mkono wa pili. Kitu kinachochukua muda mrefu kihamishwe. Baada ya hapo jaribu fulana ukiwa kitini na mikanda imekazwa, kwa sababu mifuko inayofikika ukiwa umesimama hufunikwa na mikanda ukikaa. Fundi wa vifaa akague tarehe za fataki, betri, vidonge na chupa za gesi za boya kwa ratiba, na kila kilichofunguliwa mazoezini kirudishwe kikiwa kipya.

Hatua ya kumi: helikopta inapofika

Dakika za mwisho zina hatari zake. Kwa waokoaji wewe ni mtu asiyejulikana mpaka wakutambue, kwa hiyo rudisha silaha kwenye ala, piga magoti, onyesha viganja na utii unachoambiwa hata ukielekezewa mtutu au ukifungwa mikono. Usiikimbilie helikopta na usiikaribie kwa nyuma, yalipo mapanga ya mkia. Ikishushwa kamba, iache iguse ardhi au maji kwanza, kwani hubeba umeme uliotokana na mapanga kusugua hewa, na umeme huo unaweza kumwangusha mtu. Kunja au lalia kitambaa cha mwavuli kisije kikavutwa na upepo hadi kwenye mapanga. Ukishaingia ndani, mkabidhi mhudumu silaha ikiwa imekaguliwa na fataki ambazo hazikutumika, kisha zima kifaa cha dharura, ambacho kikiendelea kutangaza kitawaelekeza mahali pasipo sahihi waokoaji wengine wanaomtafuta mwenzako.